Mahadhi ya Qur'ani na Sikio la Mtoto

Kila yanapomalizika mashindano ya Ramadhani wazazi hutuuliza: je, yafaa mtoto afundishwe mahadhi ya kusomea Qur'ani, na afundishwe vipi?

Hapana shaka kwamba kuipamba Qur'ani kwa sauti nzuri kumehimizwa. Mtume (SAW) aliisifu sauti ya Abu Musa al-Ash'ari (RA) kwa kuifananisha na zumari za ukoo wa Daudi (AS). Hitilafu ya wanavyuoni imo katika kujifunza mahadhi kama fani. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria), katika Zaadul-Ma'ad, alipambanua baina ya lahani itokayo katika tabia ya msomaji na ile iliyotengenezwa kwa mizani ya waimbaji, ambayo wema waliotangulia waliichukia. Nasi twaona njia ya salama ni talqini: mwalimu asome, mwanafunzi asikilize, kisha arudishe. Ndivyo Mtume (SAW) alivyomfundisha Abu Mahdhura (RA) adhana, neno kwa neno, baada ya vita vya Hunayn.

Ama sikio hujifunza nini? Hujifunza masafa, yaani sauti hii imepanda kiasi gani juu ya ile. Chukua Bayati, mahadhi ambayo wasomaji wa Misri, akina Mustafa Ismail (1905-1978), walizoea kuanzia na kumalizia. Kutoka sauti yake ya kwanza hadi ya pili ni takriban robo tatu ya sauti nzima. Kinanda cha kawaida hakina kituo hicho. Kina nusu na nzima tu. Basi, mbali na hukumu ya ala zenyewe, kinanda hakiwezi kuwa mwalimu wa kazi hii. Hijazi hutambulika upesi zaidi, kwani baina ya sauti yake ya pili na ya tatu pana mruko wa kama sauti moja na nusu.

Mtoto asikilize aya moja fupi, ya msomaji mmoja, kwa siku kadhaa kabla ya kufungua kinywa. Kisha avume ile sauti ya chini, qarari, apande hatua moja, arudi. Avume bila maneno, maana si adabu kuyafanya maneno ya Mwenyezi Mungu kuwa ya majaribio. Akipotea, arudishwe kwenye qarari.

Hatari iko kwenye madi. Madi ya asili ni harakati 2, na madi lazimu ni 6. Tumewasikia vijana wakiivuta ya 2 ikafika 5, kwa kuwa mahadhi hayajatua, na wasikilizaji wakaitikia "Allah! Allah!" kwa furaha. Imam an-Nawawi, katika At-Tibyan, ameeleza kuwa uvutaji unaozidisha herufi au kuificha ni haramu. Kwa hiyo tajwidi itangulie, mbele ya ustadhi. Kwa kusikiliza nyumbani twapendekeza tartili ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary (1917-1980), iliyorekodiwa mwaka 1961. Mahadhi yake ni tulivu, na madi zake mtoto aweza kuzihesabu kwa vidole.