Fairlady Z au RX-8? Kabla hamjatoa hela, someni hapa

Kuna wakati kazi imetulia, mshahara unaeleweka, na unaanza kuangalia magari kwa jicho jingine. Lile la kukufikisha ofisini unalo, halina tatizo. Sasa unataka lile ambalo ukiliegesha pale Masaki, unageuka kulitazama tena kabla hujaingia ndani. Mimi na mume wangu tulifika hapo. Tulikuwa na Toyota IST yetu, akiba ya miaka mitatu, na mabishano ya miezi miwili: tununue Nissan Fairlady Z au Mazda RX-8?

Kama na nyie mko kwenye mabishano hayo, karibuni. Tulizunguka yadi, tukaendesha zote mbili, tukakaa na mafundi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

WAPINZANI WENYEWE

Fairlady Z ninayoisema hapa ni ile iliyotoka Japani mwaka 2002, ambayo nchi nyingine wanaiita 350Z. RX-8 ikafuata mwaka 2003. Zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na zote ni za spoti kwelikweli. Waliotazama filamu ya The Fast and the Furious: Tokyo Drift ya mwaka 2006 watazikumbuka: mbabe DK anaendesha Z, mrembo Neela anaendesha RX-8.

Kwa heshima, hakuna wa kumcheka mwenzake. Babu wa Z, yaani Datsun 240Z, alishinda mbio za Safari Rally hapa kwetu Afrika Mashariki mwaka 1971, akarudia mwaka 1973 akiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Mazda nao, kwa injini ya ukoo uleule wa RX-8, walishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, wakawa kampuni ya kwanza ya Japani kufanya hivyo.

Ila msisahau umri. Z hii ilianza kumpisha mrithi wake, 370Z, mwishoni mwa 2008. RX-8 iliacha kutengenezwa 2012. Kwa hiyo lolote mtakalonunua ni mtu mzima mwenye historia yake, na historia hiyo lazima muiulizie.

UKIKAA NYUMA YA USUKANI

Z ni gari la misuli. Injini yake ya V6 ina cc 3,498, na zile za mwanzo zilitoka Japani na nguvu za farasi 280. Ukigusa mafuta kidogo tu inakusukuma mgongoni, hata kama gia iko juu. Nilipoiendesha barabara ya Bagamoyo asubuhi ya Jumapili, barabara tupu, nilielewa kwa nini watu wanalipenda. Klachi yake ni nzito, lakini unazoea.

RX-8 ni kitu kingine kabisa. Haina pistoni. Ndani ya injini mna rota mbili zenye umbo la pembetatu, zinazunguka tu. Injini ni ndogo na nyepesi, imekaa chini na imerudi nyuma karibu na dereva, ndiyo maana gari limegawana uzito sawasawa mbele na nyuma. Kwenye kona linakwenda kama linasoma mawazo yako. Yale ya gia sita yana nguvu za farasi 250, lakini lazima uyakamue: mshale unapanda hadi mizunguko 9,000 hivi kwa dakika, na raha yote iko huko juu. Mume wangu alishuka anacheka mwenyewe kama mtoto aliyepewa baiskeli.

MTEGO WA CC

Hapa ndipo wengi wanapoingia kichwakichwa. RX-8 kwenye karatasi ina cc 1,308 tu. Kwa Tanzania, ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, wakati Z yenye zaidi ya cc 2,000 inatozwa asilimia 10. Kwa kuwa zote zimevuka miaka 10, zote zinaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kabla hamjaagiza, ingieni kwenye kikokotoo cha TRA muone jumla, msije mkashangaa mzigo ukiwa bandarini. Kwa ndugu zetu wa Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo tafuteni yaliyokwisha kuwa nchini.

Basi mtu anaona cc 1,308 anasema, "Aah, hii itakunywa kama Vitz." Thubutu! Injini ya rota kwa unywaji ni jirani kabisa wa ile V6. Kwenye foleni ya Mwenge, lolote kati ya haya mawili likikupa kilomita 7 kwa lita, shukuru Mungu.

Halafu kuna oili. RX-8 inachoma oili kwa makusudi: kuna pampu inayorushia oili kidogo ndani ya injini ili kulainisha sili zilizo kwenye ncha za rota. Kwa hiyo kuchungulia kijiti cha oili kila ukijaza mafuta mara moja au mbili ni lazima. Tena usiliwashe kulisogeza tu getini halafu ukalizima likiwa bado baridi, maana petroli inaweza kufurika ndani na kuwaka tena ikawa shughuli. Sili zikichakaa, kompresheni inashuka, na dalili kubwa ni gari kugoma kuwaka likiwa la moto. Hili linajulikana dunia nzima. Marekani, Mazda wenyewe waliongeza dhamana ya injini hiyo hadi miaka 8 au maili 100,000.

Z siyo malaika. Za klachi za mwaka 2005 na 2006 zinasifika kwa kula oili, na tairi za mbele zinaisha upande mmoja kama alaimenti imekaa vibaya. Lakini injini ya ukoo wake imo pia kwenye Nissan Murano, ambazo mnaziona kila siku mjini. Maana yake fundi anaifahamu na spea nyingi zinapatikana. "Dada, hii nikifunga macho naifungua," fundi wetu aliniambia. Kuhusu rota akawa mkweli: "Hiyo mtafute mtu wake."

VITI VIWILI, WATU WANGAPI?

Ugomvi wetu hasa ulikuwa hapa. Z ina viti viwili, basi. RX-8 ina viti vinne na milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, na mtu mzima anakaa vizuri tu. Na sisi tunapanga kupata mtoto.

"Mke wangu, mtoto akija tutamweka kwenye buti?" mume wangu aliniuliza. Nikamjibu kwamba mtoto ana IST. Hapo akasema jambo lililoninyamazisha: "Basi IST itakuwa yako na mtoto, na mimi nitakuwa na Z yangu. Si nitakuwa nimenunua gari la kukaa mbali na nyie?"

Usiku ule tuliacha habari za farasi na mizunguko, tukazungumza maisha yetu. Nilimuuliza nani atachungulia oili saa kumi na moja na nusu asubuhi tunapokimbizana na foleni, na injini ya rota ikichoka, hela ya kuifanyia ukarabati si ndiyo ileile ya kujifungua? RX-8 ilionekana gari la familia kwa sababu ya viti, lakini kwa matunzo ni gari la mtu mwenye muda na fundi wake. Z ilionekana ya kibinafsi, lakini bajeti yake tuliweza kuibeba.

Tukaandika makubaliano, kweli kabisa, kwenye karatasi. IST haiuzwi. Z ni ya wote wawili. Kila mwezi tunatenga hela ya matengenezo kabla ya kutoka kula popote. Na mtoto akija, mwenye mtoto siku hiyo ndiye anachukua IST, na huyo hatakuwa mimi kila siku. Mume wangu alisaini wa kwanza. Tukanunua Z.

NYIE JE?

Kama gari litakuwa moja tu nyumbani na mnategemea mtoto, Z iacheni ipite. RX-8 inaweza kuwafaa, ila kwa masharti. Kabla ya kulipa, fanyeni haya:

1. RX-8 ipimwe kompresheni kwa kipimo cha injini za rota. Kipimo cha kawaida hakitoi jibu kamili.

2. Liendesheni hadi lipate moto, lizimeni, subirini dakika kumi, liwasheni. Likisumbua, rudisheni funguo.

3. Kwa Z, angalieni kiwango cha oili, klachi, na ulaji wa tairi za mbele.

4. Chungulieni chini. Yote mawili yamekaa sentimita 12 hivi kutoka ardhini, na matuta yetu hayana huruma. Mikwaruzo itawaambia mmiliki wa kwanza alikuwaje.

5. Wekeni pembeni hela ya matengenezo kabla ya kulipia gari. Kama kulipia gari kunamaliza akiba yote, hamjafikia kulinunua.

Na kabla ya yote hayo, mwulize mwenzako anaogopa nini kuhusu gari unalolitaka wewe. Sisi swali hilo lilitusaidia kuliko kipimo chochote cha gereji.