Kupima Stadi za Mtoto Asiyezungumza

Tangu mwaka wa 1984, Kenya imekuwa na vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu. Hata hivyo, darasani stadi ya lugha aghalabu hupimwa kwa matamshi, na asiyeweza kutamka huhesabiwa kuwa hajui. Hapa ngeli zaweza kumfaa mwalimu. Tuchukulie mtoto anayesikia lakini hasemi. Awekewe picha mbili, ya kikombe kilichovunjika na ya mwiko uliovunjika, kisha aambiwe: “Umevunjika.” Akionyesha mwiko, na akapatia vivyo hivyo katika jozi nyingine kadhaa, habahatishi, upatanisho wa kisarufi ameuelewa pasipo kunena neno. Tukichanganya kuelewa na kusema, tutamweka mtoto huyu katika darasa lisilo lake.