Mchanga Ugeukapo Uji

Liko jaribio dogo ambalo hata watoto waweza kulifanya uani. Jaza ndoo mchanga bila kuushindilia, kisha mimina maji polepole hata yakaribie uso wake. Simamisha tofali juu yake: litatulia kama lililo sakafuni. Sasa gonga ubavu wa ndoo mfululizo. Haupiti muda, tofali litainama na kuanza kuzama.

Hayo ya ndooni ndiyo yaliyoupata mji wa Niigata, Japani, tarehe 16 Juni, 1964. Tetemeko la ardhi lenye kipimo cha 7.5 liliutikisa mchanga mlegevu uliojaa maji. Katika mtaa wa Kawagishi-cho nyumba za ghorofa za zege ziliinama, na moja ikalala karibu kabisa ubavu, lakini kuta zake hazikuvunjika. Waashi walikuwa wamefanya kazi yao vizuri. Udongo ndio uliowasaliti.

Punje za mchanga hubebana, na kwa kubebana huko hubeba nyumba. Zikitikiswa hutaka kusogeleana, lakini maji yaliyo katikati yao hayapati nafasi ya kutoka. Basi maji huutwaa mzigo, punje huachana, na ardhi iliyokuwa ngumu huwa uji.

Kuyakadiria hayo kabla ya kujenga ni hesabu ndefu mno kwa kalamu na karatasi. Wahandisi wengi hutumia programu ya kompyuta iitwayo OpenSees, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, katika kazi ya Frank McKenna ya miaka ya 1990. Mhandisi huigawa ardhi katika vipande vidogo, akakipa kila kipande uzito, ugumu na maji yake. Kisha huitikisa ardhi hiyo ya tarakimu kwa mtikisiko uliopimwa katika tetemeko la kweli, akatazama, nukta baada ya nukta, msukumo wa maji ukipanda na msingi ukididimia. Afadhali nyumba izame humo kuliko kuzama na watu.

Maandishi ya ndani ya programu hiyo yako wazi, nayo hupatikana bure kwa masomo na utafiti. Mwalimu aweza kuyasoma, akaona hesabu imekwendaje, na kosa likapata wa kulisahihisha. Programu iliyofungwa ni kama mpishi asiyeruhusu chungu chake kifunuliwe. Utakula, lakini hujui ulacho.

Hata hivyo, kompyuta haijapata kuuona udongo. Ukiipa tarakimu za kubuni, itakurudishia uongo uliopangwa vizuri. Tarakimu za kweli hutoka kiwanjani: shimo huchimbwa kwa mtambo, nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76, na mapigo huhesabiwa hata bomba lishuke sentimita 30. Mapigo yakiwa machache, mchanga ni mlegevu.

Ama askari anayeweka akiba ajenge vyumba viwili vya kustaafia, hahitaji kompyuta. Achimbe shimo kiwanjani wakati wa masika. Akikuta maji karibu na mchanga unaomomonyoka, amwite mjuzi wa udongo kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.