Kifaru cha rimoti hufia kwenye gia: Mambo ya kujua kabla hujafunga mzigo

KATI ya vitu vya kuchezea vinavyoagizwa kutoka China, kifaru cha rimoti kinaweza kumpa muuzaji faida nzuri leo na ugomvi na mteja kesho. Kinatoka dukani kikiunguruma, taa zikiwaka na mzinga ukizunguka. Wiki haijaisha kinarudishwa: upande mmoja umekufa, kinazunguka mahali pamoja kama pia, na mteja anataka pesa yake.

Mara nyingi ugonjwa hauko kwenye rimoti wala betri. Uko kwenye gia boksi, kijisanduku kilichofichwa tumboni mwa kifaru.

Modeli zinazopendwa na watu wazima ni za kipimo cha 1 kwa 16. Miongoni mwa watengenezaji wake ni Tamiya ya Shizuoka, Japan, na Heng Long ya jimbo la Guangdong, China. Kwa kipimo hicho, kifaru cha Kijerumani cha Tiger I, ambacho halisi kilikuwa na urefu wa meta 8.45 pamoja na mzinga wake, kinakuwa na karibu sentimeta 53. Ni mtambo mdogo wenye uzito wa kilo kadhaa, na uzito wote huo unasukumwa na gia zenye meno madogo.

Kwa nini gia huvunjika

Kifaru hakina usukani. Kila upande una mota yake na gia boksi yake. Kikitaka kukata kona, mnyororo wa upande mmoja hupunguza mwendo, husimama au hurudi nyuma. Mota inazunguka kwa kasi kubwa lakini haina nguvu. Gia ndizo zinazopunguza kasi hiyo hatua kwa hatua na kuigeuza kuwa nguvu ya kuvuta.

Mnyororo ukikwama ghafla, mota haijui. Inaendelea kusukuma, na kinachosalimu amri ni jino la gia, hasa likiwa la plastiki. Kinachokwamisha kinaweza kuwa kokoto kati ya mnyororo na sproketi, au uzi na nywele zilizojiviringisha kwenye shafti. Kukigeuza kifaru mahali pamoja juu ya zulia zito nako huziumiza gia, kwa sababu mnyororo unaburutwa kiubavu. Vivyo hivyo kukitoa mbele na kukirudisha nyuma kwa ghafla, bila kukiacha kisimame kwanza.

Mnyororo uliokazwa mno pia ni adui. Unavuta shafti upande mmoja, unakula bushi, na gia zinaanza kuachana. Dalili yake ni mlio wa tak-tak kifaru kikipanda au kikikata kona. Anayeusikia mlio huo azime mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta: skrubu iliyolegea ikiachwa, gia zinaruka meno hadi zinasagika.

Wapo wanaofunga minyororo ya chuma ili kifaru kivutie zaidi, huku ndani kukiwa na gia za plastiki. Hapo wameongeza mzigo bila kuongeza nguvu ya kuubeba. Gia za chuma zitangulie, minyororo ifuate. Hata hivyo, gia ya chuma si dawa ya kila kitu. Isipovunjika yenyewe, mzigo unahamia kwenye mota na bodi ya umeme.

Betri nayo iangaliwe. Kutoka volti 7.4 kwenda 11.1 ni nyongeza ya nusu nzima, na kasi ya mota hupanda karibu kwa kiwango hicho. Isibadilishwe kama mtengenezaji hajasema bodi inaruhusu.

Grisi kidogo inatosha

Matunzo hayahitaji karakana. Baada ya kuchezewa kwenye vumbi au mchanga, kifaru kipigwe brashi, na shafti zitolewe nyuzi. Gia boksi ikifunguliwa, grisi chafu iondolewe kwa brashi na kitambaa. Petroli na thina zisiguse plastiki, kwani zinaweza kuipasua.

Kisha ipakwe grisi nyeupe ya lithiamu au ya silikoni, utando mwembamba tu kwenye meno. Grisi nzito ya magari inaikaba mota, na ikizidi inakusanya mchanga na kuwa kama msasa. Tone moja la mafuta linatosha kwenye bushi, lakini lisiingie ndani ya mota. Mwisho skrubu zikazwe, na gia zizungushwe kwa kidole kuhakikisha hazikwami.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi wa jumla aulize mapema: gia ni za plastiki au za chuma? Kama inawezekana, aombe sampuli iendeshwe kwa dakika 5 na asikilize pande zote mbili. Aagize pia gia boksi za akiba, kulia na kushoto, kwa kuwa mara nyingi haziingiliani. Muuzaji mwenye akiba anatengeneza. Asiye nayo anarudisha pesa.

Anayesafiri kwa ndege akumbuke kuwa betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye begi la mkononi, vituo vyake vikiwa vimefunikwa, na si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.

Mpakani nako kuna mtego. Cheti rahisi cha uasilia kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kifaru kilichotengenezwa Guangdong hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa kupitia Kariakoo. Anayekivusha kwenda nchi jirani akitangaze kama kilivyo, akiwa na risiti ya ununuzi na hati za forodha za mwanzo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye daftari hilo, gharama ya gia za akiba iandikwe kabla bei ya kuuzia haijapangwa, si baada ya mteja wa kwanza kurudi na kifaru kisichotembea.