Kivumishi -kakamavu: Maana na Asili Yake

Mwanafunzi wa Lubumbashi hukutana na kivumishi -kakamavu vitabuni kabla ya kukisikia kinywani mwa mtu. Nyumbani na sokoni husemwa "eko na nguvu", na maneno yamekwisha. Ndiyo sababu wengi wetu, tunapoandika Kiswahili sanifu, hudhani kwamba -kakamavu ni sawa na "-enye nguvu". Maelezo haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo.

1. Umbo

Imara na madhubuti yametoka katika Kiarabu. -Kakamavu ni neno la Kibantu, lililozaliwa na kitenzi kukakamaa. Linganisha: kushupaa, -shupavu, kupotea, -potevu. Hiyo v imetoka wapi? Zamani shina la vitenzi vya aina hii liliishia kwa l. Sauti hiyo ilidondoka kati ya irabu mbili, lakini hurudi katika unyambuaji: kupotea, kupotelea. Mbele ya kiambishi -u, iligeuka v. Basi msemaji wa kwetu asemaye "fungula" mahali pa "fungua" asichekwe: anatamka l ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha.

2. Maana

Kukakamaa, kwanza, ni kuwa kigumu hata kutokunjika: maiti hukakamaa, misuli hukakamaa kwa baridi. Kutoka ugumu wa mwili, maana ilihamia kwenye uthabiti wa moyo. Mkakamavu ni mtu mwenye nguvu asiyelegea wala kurudi nyuma. Mchukuzi aweza kubeba magunia mawili asiwe mkakamavu; bibi kizee anayedai shamba lake mahakamani mwaka hadi mwaka ndiye mkakamavu. Kinyume chake ni -legevu na -tepetevu, wala si "dhaifu" peke yake. Nchini Tanzania askari hufanya mazoezi ya ukakamavu. 

3. Matumizi

Husemwa mkakamavu, wakakamavu, moyo mkakamavu. Na kielezi ni kikakamavu: "alijibu kikakamavu". Lakini kivumishi na kitenzi visichanganywe. Anayeandika tanzia, "Mzee wetu alikuwa mkakamavu", amemsifu marehemu. Akiandika, "Mzee wetu amekakamaa", wafiwa watasikia habari ya maiti. Shina ni moja. Heshima iko katika kiambishi.