Maniema: Umelipia pikipiki ya mnada na haifiki? Saa za kwanza ndizo zinaamua kama feza itarudi

Tuseme tangazo linaingia katika kundi la WhatsApp: pikipiki kumi na mbili «zilizokamatwa na forodha» zinauzwa kwa mnada. Picha ni nzuri, nembo ya DGDA iko juu, na bei ya kuanzia ni dola 250. Mtu mmoja anaandika 280, mwingine 310, wa tatu 330. Motari mmoja wa Kasongo anaandika 350. Dakika chache baadaye msimamizi anatangaza kwamba mnada umefungwa na mshindi ni yeye. Anapaswa kutuma nusu ya bei kwa simu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo pikipiki itapewa anayemfuata.

Motari anatuma. Kesho yake anaombwa feza ya usafiri. Siku ya tatu anaombwa feza ya «karatasi ya kutoa mali forodhani». Siku ya nne namba haipatikani tena, na yeye ameondolewa katika kundi. Hapo ndipo anaanza kufikiri kwamba wale watu watatu waliokuwa wakipandisha bei pamoja naye labda walikuwa mtu mmoja mwenye simu tatu.

Mfano huu unaonyesha njia ambayo matapeli wa minada ya mtandaoni wanatumia sana katika Afrika Mashariki. Swali la mwenye kuibiwa ni moja: feza yangu inaweza kurudi? Jibu ni ndiyo, mara nyingine. Inategemea mambo matatu: kasi ya kutoa taarifa, ushahidi uliobaki mkononi, na kama mpokeaji anaweza kupatikana. Inategemea pia jambo la nne, nalo ni kutokubali kuibiwa mara ya pili.

Kwa nini mtego unafaulu kusini mwa Maniema

Kasongo na Kabambare ni mbali na miji mikubwa ya biashara. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 200 za njia mbaya. Bidhaa nyingi zinatoka Bukavu, Uvira, Kalemie au Lubumbashi. Wakaaji wamezoea kununua kitu ambacho hawajakiona: mfanyabiashara anatuma feza kwa ndugu au komisioneri, kisha anangoja mzigo. Biashara hiyo inasimama juu ya kuaminiana, na tapeli anaiga desturi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba komisioneri ana jamaa wanaojulikana na nyumba inayojulikana, lakini msimamizi wa mnada wa WhatsApp ana picha na namba tu.

Pikipiki pia ni chombo cha kazi. Ndiyo inayobeba abiria, mchele, mafuta ya ngazi na wagonjwa mahali ambapo gari halipiti. Upande wa Salamabila na Namoya, katika Kabambare, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaweza kupata feza ya mkupuo, na kwa wengi simu ndiyo benki. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, na huduma nyingine kama Airtel Money na Orange Money, dola 200 zinaweza kutoka Kabambare hadi Kinshasa kwa sekunde chache. Kuzirudisha ndiko kunachukua muda.

Saa za kwanza

Feza ya simu inapotumwa, inaingia katika akaunti ya mpokeaji na kubaki humo mpaka aitoe kwenye kabini au aitume kwingine. Huo ndio muda pekee ambao kampuni ya simu ina kitu cha kuzuia. Ikishatolewa kama noti, kampuni haina tena feza ya kurudisha. Kinachobaki ni kumtafuta mtu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kumpigia muuzaji simu na kumtukana. Kufanya hivyo ni kumwambia akimbie kwenye kabini. Hatua ya kwanza ni kupigia huduma ya wateja ya kampuni iliyotumika, kwa namba ileile iliyotuma feza, na kueleza mambo manne: namba ya muamala iliyo katika ujumbe, namba ya mpokeaji, kiasi, na saa. Baada ya hapo, ofisi ya kampuni iliyo karibu ipewe barua yenye maelezo hayo, na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwa mlalamikaji. Makampuni hayo yanasimamiwa na Banki Kuu ya Kongo katika kazi ya feza ya elektroniki, kwa hiyo lalamiko la maandishi lina uzito kuliko maneno ya kaunta.

Inafaa kusema ukweli: «nimetapeliwa», si «nimekosea namba». Utaratibu wa kurudisha feza iliyotumwa kwa makosa upo. Nchini Kenya, kwa mfano, mteja wa M-Pesa anatuma ujumbe wa muamala kwa namba 456. Lakini utaratibu huo ni wa makosa ya kuandika namba. Mpokeaji akisema alilipwa kwa biashara, kampuni haiwezi kuamua nani ni mkweli kwa neno la mtu mmoja. Itahitaji karatasi kutoka kwa polisi au parke. Namba ikiwa ya Tanzania, mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, inapokea taarifa za namba za utapeli kwa namba 15040, lakini aliye na laini ya Kongo atahitaji jamaa aliye Tanzania atume taarifa hiyo.

Na jambo moja halibadiliki: hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni ya simu anayehitaji namba ya siri ili kurudisha feza.

Usifute kitu

Watu wengi, kwa hasira au haya, wanafuta mazungumzo na kutoka katika kundi. Hapo wanafuta kesi yao. Tangazo, picha, ujumbe wa sauti, majina ya waliopandisha bei, jina lililotokea kwenye simu wakati wa kutuma feza, na ujumbe wa kuthibitisha muamala, vyote vihifadhiwe. Picha za skrini zionyeshe namba na tarehe. Zichapwe kwenye sekretaria, lakini simu yenyewe isiuzwe wala kusafishwa, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi wa asili.

Sheria imebadilika upande huu. Kodi ya dijitali ya Kongo, sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayapa maandishi ya elektroniki nguvu ya ushahidi kama karatasi, ikiwa aliyeyaandika anaweza kutambulika na maandishi hayakubadilishwa. Kwa maneno mengine, mazungumzo ya WhatsApp si «maneno ya simu tu» mbele ya hakimu.

Mlango wa parke na mlango wa Tripaix

Kifungu cha 98 cha Kodi ya adhabu kinamlenga yule anayejipatia mali ya mwingine kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila za kumfanya mtu aamini biashara isiyokuwepo. Adhabu ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Mtu anayejiita ofisa wa forodha na kuuza pikipiki zisizokuwepo anaingia moja kwa moja katika maneno hayo.

Kwa sababu kifungo hakipiti miaka mitano, kesi hiyo ni ya Tripaix, mahakama ya amani, kwa sheria ya mwaka 2013 juu ya mahakama. Mwenye kuibiwa ana milango miwili. Anaweza kupeleka mashitaka kwa OPJ au parke, ambao wana uwezo wa kuiomba kampuni ya simu iseme namba imeandikishwa kwa jina la nani na feza ilitolewa wapi. Habari hizo kampuni haimpi mteja wa kawaida. Au, ikiwa tayari anamjua mtu na anapoishi, anaweza kumwita mwenyewe mbele ya Tripaix bila kupitia parke, kwa kulipa gharama za mwanzo.

Katika njia zote mbili lazima aseme wazi kwamba anadai fidia. Faini ambayo hakimu au parke inamtoza mkosaji inaenda katika hazina ya serikali. Fidia ndiyo inayoenda kwa aliyeibiwa. Mtu anaweza kushinda kesi na kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hakujiandikisha kama upande unaodai.

Kesi inaweza kufunguliwa mahali kosa lilipofanyika, mahali mshitakiwa anapoishi, au mahali atakapopatikana. Hilo lina maana kubwa sasa. Tangu M23 ilipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, kazi ya parke na mahakama za serikali ilivurugika katika miji hiyo, na mabenki yalifungwa. Mkaaji wa Kabambare aliyeibiwa na mtu anayesema yuko Bukavu anaweza kuanza kwa kushitaki upande wake, mahali alipodanganywa na alipotuma feza.

Lakini si kila mzigo uliochelewa ni utapeli. Muuzaji wa kweli, mwenye duka na mali, ambaye njia imekatika au gari limezama katika matope, ana deni, na deni ni kesi ya kiraia. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi iliujiunga mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Kumweka mdaiwa kashoni ili alipe si kazi ya polisi, na anayeomba hivyo anaweza kugeuka yeye mshitakiwa.

Hesabu ya kufuatilia

Kwa dola 150, hesabu ni chungu. Safari, kopi, siku bila kazi na avoka vinaweza kupita kiasi kilichopotea. Ndiyo sababu matapeli wanapenda kuchukua kidogo kwa watu wengi.

Dawa yake ni kuungana. Kundi moja la mnada linaweza kuwa limekula watu kumi waliotuma kwa namba moja. Faili moja yenye walalamikaji kumi, miamala kumi na namba ileile inaonyesha hila iliyopangwa, na gharama zinagawanyika. Kadi ya simu inaweza kuwa imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, lakini kila mahali feza ilipotolewa panabaki alama, na miamala kumi inaacha alama kumi.

Jamaa wa ng'ambo akiwa ndiye aliyelipa kwa karte ya Visa au Mastercard, aombe benki yake mara moja ipinge malipo hayo. PayPal inatoa siku 180 za kufungua lalamiko, lakini ulinzi wake wa mnunuzi hauhusu magari na pikipiki.

Mwizi wa pili

Mara tu mtu anapoandika hadharani kwamba ameibiwa, wanajitokeza wasaidizi: «hacker» anayeweza kufungua akaunti ya mwizi, «mpelelezi», hata «ofisa wa Interpol». Wote wanaomba kitu kidogo mbele, dola 30 au 50. Huyo ni mwizi wa pili, na mara nyingine ni yule yule wa kwanza kwa namba nyingine.

Marejesho ya kweli hayaendi hivyo. Mwaka 2017 Western Union ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kulipa dola milioni 586 kwa sababu matapeli walitumia mtandao wake. Mwaka 2020 malipo ya kwanza ya dola milioni 153 yalitumwa kwa watu zaidi ya 109.000 walioibiwa. Kudai haki hiyo hakukuhitaji mtu alipe ada. Anayedai feza ili akurudishie feza, hana ya kukurudishia.

Mnada wa kweli una ofisi

DGDA ina haki ya kuuza kwa mnada mali iliyokamatwa au kuachwa. Lakini mnada huo unatangazwa hadharani, mali inaonekana, na mapato ya serikali yanalipwa benki kwa hazina, na risiti inatolewa. Hayalipwi katika simu ya mtu binafsi. Tangazo lenye nembo ya DGDA linaweza kuhakikishwa katika ofisi yake yoyote kabla ya kutuma hata franka moja.

Kwa muuzaji wa kawaida, desturi ya zamani bado ni nzuri: kabla ya kutuma feza, tuma mtu. Ndugu, mwanafunzi, au mtu wa kanisa au msikiti aliye katika mji huo aende aguse pikipiki, asome namba ya fremu na kuiona ikipakiwa. Muuzaji anayekataa jambo hilo amejibu swali.

Na aliyekwisha kutuma asikae kimya kwa haya. Kila siku anayonyamaza, namba ileile inaendelea kupokea feza ya wengine.