Kofia ya chuma katika nyonga haimfai kila mgonjwa

Je, nyonga hukuuma kila unapopanda matatu au kuinuka kitini? Huenda gegedu, ule utando laini unaotenganisha mifupa ya kiungo hicho, umelika na sasa mifupa inasagana.

Maumivu yanapozidi, wengi hudhani tiba ni moja tu: kukatwa kichwa cha mfupa wa paja na kuwekewa nyonga bandia. Lakini kuna njia nyingine. Daktari hukwangua kichwa hicho, akakivalisha kofia ya chuma, kisha hupachika kikombe cha chuma katika mfupa wa nyonga ili kofia izunguke humo.

Faida yake ni kwamba mfupa wako mwingi hubaki. Kofia ikichakaa baadaye, pana mahali pa kupachika nyonga bandia kamili.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1950 Dkt John Charnley wa Uingereza alijaribu Teflon, ikalika upesi. Miaka ya 1970 kikatumika kikombe cha plastiki. Vumbi la plastiki hiyo liliharibu mfupa na viungo vikalegea.

Mwaka 1991 Dkt Derek McMinn wa mji wa Birmingham alianza kutumia chuma kwa chuma, yaani mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Kifaa kiitwacho Birmingham Hip Resurfacing kilitolewa mwaka 1997, na Marekani ikakiidhinisha 2006.

Wako walionufaika sana. Mchezaji tenisi Andy Murray alivalishwa kofia ya chuma Januari 2019. Oktoba mwaka huo huo alitwaa ubingwa mjini Antwerp, na aliendelea kucheza hadi 2024.

Hata hivyo, chuma kikisugua chuma hutoa chembechembe. Kikombe kikikaa upande, au kikiwa na umbo lisilofaa, chembe hizo huwa nyingi, huharibu misuli na mfupa, na madini huingia katika damu.

Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni vifaa vyake vya ASR, kwa kuwa wagonjwa wengi mno walilazimika kupasuliwa tena. Watu wapatao 93,000 duniani walikuwa wamewekewa vifaa hivyo. Mwaka 2015 watengenezaji wa kifaa cha Birmingham nao walitangaza kwamba kisitumiwe tena kwa wanawake, na saizi ndogo zikaondolewa. Kadiri kofia ilivyo ndogo, ndivyo inavyoharibika upesi.

Basi ni nani anayefaa? Kwa kawaida ni mwanamume ambaye hajazeeka, mwenye mifupa mikubwa na imara na figo zisizo na kasoro. Ukiwa na ugonjwa wa figo, mifupa dhaifu au mzio wa madini, nyonga bandia ya kawaida ni salama zaidi kwako.

Kabla ya kukubali, muulize daktari maswali haya: Kifaa hiki kinaitwaje? Umewahi kukipachika mara ngapi? Wangapi walilazimika kurudi?

Na iwapo wewe au jamaa yako tayari ana kofia ya chuma, hapa nchini au ng'ambo, msingoje maumivu. Mwoneni daktari wa mifupa, mkaulize kuhusu kupimwa kobalti na kromiamu katika damu. Kadi yenye jina la kifaa ihifadhiwe kama cheti cha kuzaliwa.